Kabla ya kulipia tovuti ya mababu, jiungeni na chama

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wasomaji wenzangu wanaotafuta nasaba zao. Kabla hamjalipia tovuti yoyote, tafuteni kwanza chama cha historia ya familia kilicho karibu nanyi. Mimi ni karani mstaafu wa masjala, mtu wa mafaili, na huko ndiko nilikofunzwa kuihoji karatasi badala ya kuitunza tu.

Chamani kwetu mgeni haulizwi babu yake wa kumi ni nani. Anaambiwa alete hati moja, tunaizunguka mezani. Majuzi mwanachama mpya alileta cheti cha kifo cha bibi yake, akitaka kukokotoa mwaka wa kuzaliwa kutokana na umri ulioandikwa. Mzee anayetufundisha akamuuliza, "Nani aliyetoa taarifa hizi?" Tukasoma chini: mkwe wa marehemu. "Na mkwe alikuwepo bibi akizaliwa?" Tulicheka, lakini somo liliingia. Siku ya kifo mkwe aliijua, maana alikuwepo. Umri aliambiwa, au alikisia. Cheti ni kilekile, ila kwa jambo moja ni shahidi na kwa jingine ni msikiaji tu. Mwaka ule ukaandikwa kwa penseli mpaka lipatikane daftari la ubatizo, hati ya ndoa au sensa ya kuupimia.

Tunafundishwa pia kuhesabu wazazi. Wewe ni 1, baba 2, mama 3. Namba ya mtu ukiizidisha kwa mbili unampata baba yake, ukiongeza moja unampata mama yake. Basi babu mzaa mama ni 6, na mama wa babu huyo ni 13. Mwanahistoria wa Austria, Michaël Eytzinger, alichapisha mpangilio huu mwaka 1590, na mpaka leo sijaona unaonionyesha pengo upesi kuliko huo.

Mambo mengine huwezi kuyang'amua peke yako. Uingereza, kabla ya mageuzi ya kalenda ya mwaka 1752, mwaka ulianza rasmi Machi 25. Kwa hiyo katika daftari la kanisa la huko, mtoto aliyebatizwa Februari 1740 alibatizwa baada ya yule wa Novemba 1740. Asiyejua hilo humfanya kitinda mimba kuwa kifungua mimba, akaupachika mti wake mtandaoni, wengine wakaunakili, na mwisho anatokea mtu kusema vyanzo vyote vinakubaliana!

Wazee nao wana namna yao ya kuulizwa. Ukimuuliza bibi alizaliwa mwaka gani utamchosha. Muulize dada yake alipoolewa yeye alikuwa na umri gani, au nani alimbeba mgongoni. Ukiwa na picha mkononi, mwache aongee, wala usimsahihishe.

Najua vipo vyama, sivitaji, ambavyo mikutano yake ni kupiga chuku kuhusu mababu wenye vyeo, na mgeni hutoka bila kushika hata hati moja. Viongozi wa vyama hivyo nawaomba watenge japo saa moja ya mazoezi katika kila mkutano. Na wewe unayekwenda mara ya kwanza, beba nakala; hati halisi iache nyumbani.

Karani mstaafu