Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Makumbusho: ua la Usambara halikugunduliwa

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Uniwie radhi kukuandikia hadharani. Barua mbili nilizoziacha mapokezi kwa mkono wangu hazikujibiwa. Na mwaka jana, tukiwa tumesimama mbele ya picha ya ua hilo ndani ya makumbusho yako, uliniahidi kwamba kibao chake cha maelezo kitabadilishwa "ndani ya mwezi".

Jumatano iliyopita nimeleta wanafunzi 32, nauli nimetoa mfukoni mwangu. Kibao kiko vilevile: "Liligunduliwa na Baron Walter von Saint Paul-Illaire." Wote wameyanakili maneno hayo kwenye madaftari. Niwape vema au mkasi?

Mimi ni mtoto wa Lushoto. Ua hilo nililijua kabla sijajua kusoma. Linaota kwenye nyufa za miamba yenye kivuli, jani lake nene lina vinyweleo laini, na ukiligusa asubuhi ni la baridi. Bibi yangu alilipita kila siku akienda mtoni.

Huyo Baron alikuwa mkuu wa wilaya huko Tanga, mtumishi wa utawala wa Kijerumani uliomnyonga Abushiri bin Salim pale Pangani, Desemba 1889. Alimtumia baba yake mbegu Ujerumani, na mwaka 1893 Hermann Wendland wa bustani za Herrenhausen, Hanover, akalipa ua jina la ukoo wao: Saintpaulia. Hata kati ya Wazungu Baron hakuwa wa kwanza! John Kirk, balozi wa Uingereza Zanzibar, alishapeleka mmea huo kwenye bustani ya mimea ya Kew, Uingereza, mwaka 1884.

Sasa tazama picha. Ua limechorwa peke yake kwenye karatasi nyeupe. Hakuna mwamba, hakuna mto, hakuna mtu. Nadhani mchoraji alilitazama kwenye chungu, hukohuko Ulaya. Picha ikinyamaza hivyo, kibao ndicho kinachosema. Maria Sibylla Merian, mchoraji mzaliwa wa Ujerumani, alichora mimea ya Suriname, Amerika Kusini, na katika kitabu chake cha 1705 akaandika kwamba wanawake watumwa walitumia mbegu za ua mojawapo kutoa mimba, watoto wao wasizaliwe utumwani. Yeye aliweza kuyaandika hayo zaidi ya miaka 300 iliyopita.

Sidai picha ziondolewe. Nadai kibao kimoja tu: kiseme nani alilichukua, kwa mamlaka gani, na kwamba watu wa milimani walikuwapo. Mkiniruhusu nitakiandika mwenyewe, kwa gharama yangu.

Kidato cha pili wanakuja mwezi ujao. Naomba kibao kibadilishwe kabla hawajafika.

Mwalimu wa sanaa,
Tanga