Kijana arudishiwe kompyuta yake

Ndugu Mhariri,

Ninafundisha somo la kompyuta katika sekondari moja mkoani Tanga. Majuma mawili yaliyopita mwanafunzi wangu wa kidato cha tatu alinyang'anywa kompyuta mpakato. Mwalimu wa zamu aliona skrini nyeusi iliyojaa maandishi, akamuuliza anafanya nini. Kijana akasema kweli: "Natafuta nywila, mwalimu." Hapo hapo akaitwa mdukuzi, na mama yake akaitwa shuleni.

Naomba nafasi nieleze alichokuwa akikitafuta. Ni mchezo unaoitwa Bandit, wa OverTheWire, jumuiya ya mtandaoni yenye michezo ya kujifunzia usalama wa kompyuta, na ni wa bure. Wenyewe wamewasha seva yao, wakaficha nywila humo, kisha wakamkaribisha yeyote aje azitafute. Ukiipata moja, ndiyo inayokufungulia hatua ya pili yake, na hatua zinapita 30. Hakuna picha wala bunduki. Unaandika amri, unasoma jibu, basi. Hata bando haliishi.

Kuna hatua moja ya mwanzoni ambayo faili limepewa jina la kistari kitupu. Ukiiamuru kompyuta isome "-", yenyewe inaelewa kwamba isikilize kibodi, kwa hiyo inanyamaza, inakungoja wewe. Kijana aliganda hapo siku mbili. Alipong'amua kwamba ataje na mahali faili lilipo, yaani aandike "./-", alinikimbilia hadi ofisi ya walimu akihema. Nimefundisha amri hizo kwa chaki miaka 9, na sijawahi kukimbiliwa na mwanafunzi kwa ajili yake.

Mbele zaidi akakuta ujumbe ambao kila herufi imesogezwa nafasi 13, A imekuwa N. Akaufumbua kwa kalamu, nyuma ya daftari la hesabu. Kisha akaniuliza: "Mwalimu, kama mimi nimeweza kwa kalamu, nani alidhani hii ni siri?" Swali hilo halimo katika kitabu chochote tulicho nacho maabara.

Wenzangu wananitajia Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015. Nimeisoma. Inakataza kuingia katika mfumo wa kompyuta pasipo haki. Kwenye Bandit mwenye nyumba amekualika mwenyewe. Amri zile zile ukizipeleka kwenye mfumo wa benki au wa shule bila ruhusa, ni kosa la jinai, na wanafunzi wangu huliandika hilo daftarini kabla hawajagusa kibodi. Asiyefundishwa mpaka huo na mwalimu wake ataujulia polisi.

Kwa hiyo naomba mambo mawili kwa uongozi wa shule yetu, na kwa shule nyingine zenye kesi kama hii. Kompyuta ya kijana irudi kabla ya likizo, maana amefika hatua ya 14. Na Ijumaa baada ya vipindi tupewe saa moja ya maabara, mlango wazi, mwalimu wa zamu akaribishwe kukaa nasi.

Mwalimu wa kompyuta,
Tanga