Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Mibuyu

Ndugu mgeni rasmi, mkuu wa shule, walimu, wazazi na wanafunzi wenzetu,

Karibu sana. Kwa kuwa muda si mrefu utashika mche wa mbuyu, tunaomba kukueleza unachokipanda.

Duniani ipo mibuyu ya aina 8: 6 ni ya Madagaska pekee, 1 ni ya Kimberley, kaskazini-magharibi mwa Australia, na 1 ni huu wa bara la Afrika, unaopatikana kuanzia Senegali hadi Limpopo. Kwa upande wetu hustawi nyanda za chini zenye joto, kama Ruaha, Tarangire, Kibwezi na Kilifi.

Shina lake si la kupasulia mbao. Limejaa maji, nayo huchukua zaidi ya nusu ya uzito wake. Wengi husema mti huyanywa wakati wa kiangazi, lakini utafiti uliofanywa Madagaska umeonyesha kwamba kazi yake kubwa ni kulisimamisha shina na kuchipusha majani kabla mvua hazijaanza. Gome likichunwa, hata kuzunguka shina zima, huota tena. Mti mwingine ungekufa. Maua huchanua jioni, popo huyachavusha usiku, na kesho yake yamenyauka.

Ndugu mgeni rasmi, kuotesha ndiko kwenye kazi. Ganda la mbegu ni gumu mno. Chemsha maji, yaepue, tia mbegu na uziache humo saa 24, kisha panda kina cha sentimita 2 kwenye kiriba chenye mchanga mwingi. Nyingine huota baada ya wiki 3, nyingine huchelewa zaidi ya mwezi, kwa hiyo usiharakishe kumwaga viriba. Maji mengi huozesha mzizi.

Halafu kuna jembe. Majani ya kwanza ya mche ni mamoja mamoja, wakati jani la mti mkubwa limegawanyika vipande 5 hadi 7. Mpaliliaji asiyelijua hilo huung'oa akidhani ni gugu. Unaosalimika huliwa na mbuzi, na ndiyo sababu maeneo mengi yana mibuyu vikongwe bila michipukizi.

Mashimo ya leo yako mbali na majengo, maana shina hutanuka mno. Tulichokosa ni uzio. Tunaomba utusaidie waya na nguzo za kuzungushia kila mche, zibaki hapo mpaka kilele kipite kimo cha mifugo.

Tunaomba kuwasilisha.