Barua ya wazi kwa shangazi yangu aliyeko Maskati

Shangazi yangu mpenzi,

Asalaam aleikum. Sisi huku wazima, alhamdulillahi. Nakuandikia mbele za watu kwa sababu nyumba nyingi za ufukwe huu wa Malindi na Forodhani, hapa Mji Mkongwe wa Unguja, zina warithi Maskati, Dubai na London, na neno lenyewe, la kuziokoa nyumba hizi za zamani, linawahusu wote.

Kwanza habari ulizoniuliza. Mtini upo, ule aliopanda Seyyid Khalifa mwaka 1911, na wenye mashua za kisiwa cha Changuu bado wanangojea wageni kivulini mwake. Jioni maji yakijaa, vijana wanapiga makachu Forodhani. Wajukuu zako wawili nao wameshajua kuchupa. Mama yao roho juu kila siku.

Sasa la nyumba. Ijumaa ya tarehe 25 Desemba 2020 nilipoambiwa Beit el Ajaib, Jumba la Maajabu, imeanguka, nilikataa kuamini. Jumba alilolijenga Sultani Seyyid Barghash mwaka 1883, lililostahimili mizinga ya Waingereza mwaka 1896, limeporomoka mbele pamoja na mnara wa saa, tena likiwa katika matengenezo kwa fedha za huko kwenu Oman. Watu wawili walikufa, Mungu awarehemu. Tangu siku ile mvua ikinyesha usiku silali.

Ule ukuta wetu wa upande wa bahari ulipigwa plasta ya saruji, unakumbuka, na sote tukaufurahia. Kumbe tuliuziba pumzi. Ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa hunywa maji ukayatoa wenyewe. Saruji imeyafungia ndani pamoja na chumvi yake. Juzi nilibandua kipande kwa mkono mtupu. Nyuma yake chokaa imekuwa unga mbichi, na kichwa cha boriti kimeoza, nikakichoma kwa ufunguo wa mlango ukazama wote. Ni ile boriti ya tatu kutoka dirishani, mliyokuwa mkifunga bembea.

Fundi mzee wa mtaani amesema saruji yote ibanduliwe, ukuta uachwe ukauke, ndipo upigwe chokaa iliyolowekwa ikaiva. Ni kazi ya polepole na gharama yake inauma. Baadhi ya ndugu wanataka saruji tena, wengine wanasema tuuze iwe hoteli. Kulia kwetu hoteli, kushoto hoteli. Ukiishiwa chumvi usiku huna wa kumbishia hodi. Mimi sitaki, Shangazi. Baba alifia chumba kile cha juu.

Masika yanaanza Machi. Naomba kabla ya hapo unipe kauli yako, na ya watoto wa marehemu ami, kwa maandishi, maana bila ya warithi wote siwezi kuanza. Boriti za mikoko nimeshaziulizia, na fundi amekubali kuningoja.

Wasalaam,
Mtoto wa kaka yako