Barua ya wazi kwa mpwa wangu: kabla hujahesabu marejeo ya mtafiti

Mpwa wangu,

Salamu nyingi, na hongera kwa kupata nafasi ya uzamili katika biokemia ya mimea. Nasikia unatafuta msimamizi kwa kulinganisha kipimo cha h cha mtafiti mmoja na cha mwingine. Kipimo hicho kilipendekezwa na mwanafizikia Jorge Hirsch mwaka 2005, na hesabu yake ni nyepesi: mwenye h ya 20 ana makala 20 ambazo kila moja imerejelewa angalau mara 20. Zimerejelewa kwa sababu gani, hakisemi. Nakuomba usilipite hilo haraka.

Mtazame Daniel Arnon wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Mwaka 1954, yeye na wenzake Allen na Whatley walionyesha kuwa kloroplasti (sehemu za seli ya mmea zinazofanya usanisinuru) zilizotolewa nje ya seli zinaweza kutengeneza ATP, molekuli inayobeba nishati ya seli, kwa mwanga. Hiyo ni kazi iliyobadilisha elimu ya usanisinuru. Hata hivyo, makala yake ya mwaka 1949 katika jarida la Plant Physiology imerejelewa mara nyingi zaidi, tena kwa mbali. Inahusu shaba na kimeng'enya cha polifenoli oksidesi katika mmea wa spishi ya bitiruti, kimeng'enya cha aina ileile inayolifanya biringanya liwe la kahawia ukishalikata. Wengi wanaoirejelea hawana haja na shaba. Wanachotaka ni milinganyo ya kupimia klorofili (rangi ya kijani ya majani, yenye aina a na b) iliyomo ndani yake, ambayo Arnon aliihitaji ili apime kloroplasti zake:

klorofili a = 12.7 × A663 − 2.69 × A645
klorofili b = 22.9 × A645 − 4.68 × A663

A663 ni kiasi cha mwanga kinachofyonzwa na sampuli kwenye nanomita 663, na A645 vivyo hivyo. Majibu ni miligramu kwa lita, katika asetoni ya asilimia 80. Tatizo ni kwamba milinganyo hii ilijengwa juu ya vigawo vya Mackinney vya mwaka 1941 (namba za jinsi klorofili inavyofyonza mwanga), ambavyo havikuwa sahihi. Mwaka 1989 Porra, Thompson na Kriedemann walivipima upya, wakahakiki sampuli zao kwa kupima magnesi. Mbinu hiyo naipenda sana: kila molekuli ya klorofili ina atomu moja ya magnesi, kwa hiyo ukijua magnesi ni kiasi gani, umejua klorofili ni kiasi gani. Wakatoa hii:

klorofili a = 12.25 × A663.6 − 2.55 × A646.6
klorofili b = 20.31 × A646.6 − 4.91 × A663.6

Porra alieleza baadaye kwamba uwiano wa a kwa b unaotoka kwa Arnon huwa chini siku zote, na kosa linakua kadiri klorofili a inavyozidi. Mtu anayelinganisha mimea ya kivulini na ya juani anategemea uwiano huohuo. Bado milinganyo ya zamani inanakiliwa kutoka makala hadi makala, na kila anayenakili anaongeza rejeo moja.

Ukifika maabara, pima gramu 0.1 ya jani bichi, usiuchukue mshipa mkuu. Saga ndani ya asetoni ya asilimia 80 kwa kinu na mchi vilivyopozwa, mwanga ukiwa hafifu, na utie chembe za magnesi kabonati. Asidi ya jani huing'oa magnesi kwenye klorofili, na rangi ikianza kuelekea kahawia ya zeituni ujue sampuli imeharibika. Zungusha kwenye sentrifuji, kisha jaza hadi mililita 10 na ufunike mara moja, maana asetoni hugeuka mvuke upesi na kinachobaki huzidi ukali. Tumia kyuveti za kioo, yaani vichupa vya kuwekea sampuli ndani ya mashine ya kupima ufyonzaji wa mwanga. Za plastiki ya kawaida huliwa na asetoni na kufanya ukungu. Soma pia kwenye nanomita 750, uondoe namba hiyo katika masomo mengine, kwa kuwa klorofili haifyonzi mwanga hapo na kinachoonekana ni uchafu.

Tuseme umepata 0.612 kwenye 663.6 na 0.258 kwenye 646.6. Klorofili a ni 6.84, b ni 2.24, uwiano kama 3.1. Kwa gramu 0.1 ndani ya mililita 10, zidisha kwa 0.1 upate miligramu kwa gramu: 0.68 na 0.22.

Usichukue masomo ya 645 na 663 ukayatia kwenye milinganyo ya Porra. Vigawo vyake ni vya 646.6 na 663.6, hivyo hata nanomita moja na nusu inaweza kuvuruga jibu.

Sasa rudi kwa wale watafiti uliowaorodhesha. Fungua makala tatu za kila mmoja, nenda moja kwa moja kwenye sehemu ya mbinu, na uone kama ametaja kiyeyushi, mawimbi aliyosomea na milinganyo ya nani. Halafu fungua makala kumi zinazomrejelea, uone wamechukua nini kwake: ugunduzi, au fomula tu. Ukishapata wawili watatu, niandikie majina yao tuyaangalie pamoja.

Wako,
Mjomba