Mwanangu, asali ipake mwisho

Ujiji, Kigoma

Mwanangu mpendwa,

Hatujambo nyumbani. Goti la mama yako limetulia tangu mvua zikatike, na wadogo zako wanakusalimu wewe, mkwe wangu na mjukuu. Picha uliyotuma nimeiona. Samaki mwekundu anang'aa kama meza ya mninga iliyopigwa vanishi, na chini yake swali lako: "Baba, hii nitaiwezaje nikitoka zamu?" Nilianza kukujibu kwa ujumbe wa sauti, mama yako akaniambia hakuna mtu anayesikiliza mapishi akakumbuka vipimo. Ndiyo maana nakuandikia namna ya kumwoka samaki wa kung'aa, kwa asali ya kwenu.

Vile vitu vya kwenye picha visikutishe. Yule ni samoni, samaki wa nchi za baridi, na kilichomng'arisha ni utomvu wa mti unaochemshwa kule Kanada mpaka unakuwa mzito. Usihangaike kuvitafuta. Mtu anayeishi Tabora, katikati ya misitu ya miombo, akanunue utamu wa miti ya ng'ambo? Chakula hiki chote kimelala kando ya reli: samaki na mawese huku kwetu, chumvi Uvinza, kisha asali ukishaingia Kaliua na Urambo mpaka hapo ulipo. Mimi nimepika njia hiyo hiyo kwenye behewa la mgahawa, jiko halina nafasi ya kugeuka, treni inayumba na abiria wanauliza chakula kiko wapi. Cha haraka ninakijua.

Kabla ya kuuliza bei ya mgebuka, samaki wetu wa Ziwa Tanganyika, uliza mwezi uko wapi. Wavuvi wetu wanavua usiku kwa taa. Dagaa wanafuata mwanga na migebuka wanawafuata dagaa. Mwezi ukiwa mpevu taa zinakosa nguvu, mitumbwi mingi inabaki ufukweni, na hata hapa mwaloni Kibirizi samaki wanapanda bei, sembuse huko kwenu baada ya safari ya usiku kucha ndani ya barafu. Siku hizo nunua perege wa bwawa la Igombe, au kipande cha sangara anayeshuka kutoka Mwanza. Na ziwa likifungwa pia fanya hivyo. Unakumbuka mwaka 2024 lilipofungwa miezi mitatu, katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, samaki wapate kuzaliana, sisi wa Ujiji tukawa watu wa maharage. Kuhe ukimwona sokoni usiulize mara mbili, mchukue. Katika jamii yake ya sato na perege hakuna mkubwa kuliko yeye duniani, na minofu yake ni minene, inafaa sana oveni. Mkague kama nilivyokufundisha: macho maangavu, mashavu mekundu, nyama ukiibonyeza irudi. Mgebuka wa moshi usimtumie hapa. Huyo mpikie nyanya na mawese siku nyingine.

Mwambie muuzaji akutolee minofu, nusu kilo inawatosha ninyi wawili, unene wa kidole gumba hivi. Ukifika nyumbani osha, kisha kausha kwa kitambaa safi, ukaushe kwelikweli. Watu wanaipuuza hatua hii halafu wanalaumu oveni. Samaki mwenye maji anatoa mvuke, anachemka badala ya kuokwa, na sosi yako inateleza mpaka chini ya trei. Nyunyiza chumvi nusu kijiko cha chai, paka mawese kijiko kimoja cha chakula pande zote, basi. Mawese ndiyo yatakayokupa ile rangi uliyoiona kwenye simu. Mwezi wa Juni na Julai yataganda kwenye chupa kwa baridi ya huko. Weka chupa kwenye maji ya moto yatalainika.

Lakini bandika wali kwanza. Samaki huyu hangojei kitu, yeye ndiye anayengojewa. Ukimtia kwenye oveni wali haujaanza kukauka, utamla akiwa mkavu. Naona wali unamfaa kuliko ugali, maana sosi hii inapendeza ikiloweka punje. Mama yako hakubaliani nami, anasema ugali wa muhogo haushindwi na kitu. Yeye ni Muha wa Kasulu, tumwache.

Sosi yenyewe ni hii. Asali vijiko vitatu vya chakula, soya sosi kijiko kimoja, kitunguu saumu punje mbili umezitwanga, tangawizi iliyoparuzwa kijiko kimoja cha chai, na pilipili kiasi cha uvumilivu wenu. Viweke kwenye kisufuria, moto mdogo, vitokote dakika mbili mpaka vishike mgongo wa kijiko. Epua, ndipo ukamulie ndimu moja. Ndimu ikichemka sana inapoteza harufu yake. Onja. Ikiwa tamu tupu kama chai ya msibani, ongeza ndimu. Inatakiwa utamu, uchachu na chumvi vigombane kidogo mdomoni. Umeniandikia kwamba mkwe wangu anasema samaki na asali wapi na wapi. Mnyamwezi mzima anaikataa asali! Mpe sahani kwanza, maneno baadaye.

Sasa hapa nisikilize. Asali usiipake mwanzo. Utamu wa asali unaanza kubadilika rangi kwenye joto la nyuzi 110 hivi, na oveni yako utaiwasha mpaka 200. Ukiipaka tangu mwanzo itaungua na kuwa chungu wakati nyama ya katikati bado mbichi, nawe utadhani samaki ameiva kwa sababu juu amekuwa mweusi. Washa oveni mapema ipate moto. Tia samaki na mawese yake peke yake, dakika nane. Mtoe, paka sosi kwa brashi au mgongo wa kijiko, rudisha dakika tatu. Paka tena, rudisha dakika mbili au tatu nyingine, na mara hii usiondoke hapo mlangoni, usishike simu. Mara ya pili ndiyo inayoleta kung'aa, na ndiyo hiyo hiyo inayounguza. Chomeka uma katikati: nyama ikiachana vipande na isiwe na ule uangavu wa ubichi, ameiva. Wenye kipimajoto cha jikoni wanatafuta nyuzi 63 katikati ya mnofu. Nasema cha jikoni, mama, si kile cha wodini.

Tandika foili kwenye trei kabla ya yote, la sivyo utasugua asali iliyokauka mpaka usiku wa manane.

Umeme ukikatika, na utakatika siku ambayo samaki ameshapakwa mawese, usimrudishe kwenye friji iliyozimika. Mpalie. Chukua sufuria zito, tandaza mchanga mkavu chini, weka juu yake sahani ya bati yenye samaki, funika kwa mfuniko bapa wenye ukingo. Chini makaa machache, juu ya mfuniko makaa mengi, maana kinachotakiwa kuiva kwa rangi ni juu. Itachukua kama dakika ishirini badala ya kumi na nne. Ukiinua mfuniko uinue wima bila kuupinda, majivu yasije yakawa kiungo. Bibi yako aliokea mikate ya mchele kwa namna hiyo na hakuna aliyemuuliza oveni iko wapi.

Kuhusu asali, wewe uko kwenye shina lake na bado umeniuliza ipi ni nzuri, kwa kuwa ile uliyonunua imeganda ukadhani umeuziwa sukari. Haijaharibika wala kuganda si dalili ya kuchanganywa. Asali halisi huganda, nyingine mapema, nyingine baada ya miezi, kutegemea maua nyuki waliyotembelea. Weka chupa kwenye maji ya uvuguvugu itayeyuka. Kwa sosi hii chukua ile nyeusi nyeusi ya mizinga, ya Sikonge au popote, ina ladha nzito isiyopotea kwenye moto. Asali ya nyuki wadogo, wale wasiouma, usiipikie kabisa. Ni nyepesi, ina uchachu wake, bei yake iko juu, na wazee wanaiweka kwa ajili ya kikohozi. Kuichemsha na kitunguu saumu ni kutupa pesa.

Na mjukuu wangu bado hajafikisha mwaka. Asilambishwe, hata sosi iliyotokota. Kuna vijidudu kwenye asali ambavyo mbegu zake hazifi kwa kuchemshwa jikoni, na tumbo la mtoto mchanga haliwezi kupambana navyo. Wewe ni nesi, unayajua haya kuliko mimi, ila huyo mama mkwe wako ni mtu mwema wa zamani na anaamini asali ni dawa ya kila kitu. Mweleze kwa upole, tena mbele ya mwanawe. Mtoto mtengee kipande cha samaki kabla hujanyunyiza chumvi, ukioke bila sosi, ukipekue mifupa kwa vidole na si kwa macho.

Kachumbari inatosha pembeni, nyanya na tango na ndimu. Ukiongeza kisamvu haitakuwa tena chakula cha haraka.

Kitakachobaki usikirudishe kwenye oveni kesho yake, kitakauka. Kichambue uchanganye na wali wa jana, ubebe kwenye hotpoti uende nacho kazini.

Wiki hii mwezi umefifia na mgebuka umeshuka bei. Nimeongea na kijana anayepeleka samaki huko, atakuletea boksi dogo lenye barafu pamoja na galoni ya mawese na dagaa kidogo. Atakupigia akifika stesheni, uende mwenyewe au umtume mkwe wangu, usimwachie bodaboda. Galoni uirudishe, mama yako ameshaniuliza habari zake hata kabla haijaondoka.

Baba yako