Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Chama cha Maprograma

Ndugu Makamu Mwenyekiti, Ndugu Katibu, Ndugu Mweka Hazina, wajumbe wa Kamati Tendaji, nanyi wanachama mliofika,

Shughuli za kawaida mnazijua, kwa hiyo nazipitia mbiombio. Mashindano ya kuandika programu yalifanyika. Maktaba imepangwa upya. Kompyuta 6 zilizokuwa zimekufa zimefufuliwa, na seva yetu kongwe bado inapumua kwa sababu yupo mtu anayeihudumia kila Jumapili bila malipo. Sitamtaja, ila funguo za chumba kile ninazo mimi tu. Mikutano ya kila mwezi iliitishwa 11, ikatimiza akidi 3. Hilo nitalirudia, msidhani nimelisahau.

Sasa nije kwenye jambo lililowatoa wengi wenu majumbani leo.

Mwezi wa tatu Kamati iliondoa swali moja katika usaili wa darasa letu la mafunzo: "Ulianza kuandika programu ukiwa na umri gani?" Lilikuwa na alama 20 kati ya 100. Pia tuliligawa darasa katika mikondo miwili, mmoja wa waliokwisha kuandika programu na mwingine wa wasiowahi. Mwishoni wote hufanya mtihani uleule. Naomba Katibu alipigie mstari: mtihani uleule. Barua za malalamiko zilizonifikia ni 9. Moja inasema nimeshusha kiwango. Nyingine inasema nimekiuza chama kwa wanawake, ingawa mwandishi hakutaja bei.

Ndugu wanachama, swali lile mimi lilinifaa. Nilianza nikiwa na miaka 10, nikapewa alama zote 20, na kwa muda mrefu niliamini nilizistahili. Kama mnavyoniona, mimi ndiye yule programa wa kwenye vikatuni: miwani, maneno machache, na harusini nakaa karibu na mlango. Lakini nilipokaa na karatasi za miaka iliyopita, usiku, peke yangu, niligundua kwamba swali halikupima akili. Lilipima nani alikulia nyumba yenye kompyuta na nani aliambiwa kompyuta hiyo ni yake, maana mara nyingi huwekwa chumbani kwa mtoto wa kiume, na dada yake huomba zamu.

Wapo wanaosema programa ndivyo alivyo tangu zamani: kijana wa kiume, amejifunika kofia ya sweta, gizani, hataki kusemeshwa. Tangu zamani ipi? ENIAC, moja ya kompyuta za kwanza za kielektroniki, ilipoonyeshwa hadharani kule Marekani mwaka 1946, walioipangia kazi walikuwa wanawake 6: Kay McNulty, Betty Jennings, Betty Snyder, Marlyn Wescoff, Frances Bilas na Ruth Lichterman. Kuunganisha nyaya na kupanga swichi kulihesabiwa kuwa kazi ya ukarani, ndiyo maana waliachiwa. Miaka ya 1960 wanasaikolojia William Cannon na Dallis Perry waliwachunguza maprograma 1,378, wanawake wakiwa 186 tu, wakahitimisha kwamba watu hawa hupenda mafumbo na hawapendi kushughulika na binadamu wenzao. Waajiri wakaanza kutafuta watu wa namna hiyo, wakawapata, na kila aliyechungulia ofisini baadaye akakuta kweli imejaa watu wa namna hiyo. Sisi nasi tukaurithi mzunguko huo na kuuita kipaji.

Mikondo miwili sikuibuni, ingawa hoja niliileta mimi na rasimu niliiandika mimi. Chuo cha Harvey Mudd kule Marekani kiligawa somo lake la utangulizi hivyohivyo, na katika miaka michache wanawake wanaosomea kompyuta pale wakapanda kutoka kama asilimia 10 hadi kama 40. Carnegie Mellon, chuo kikuu kingine cha hukohuko, nao waliacha kuupa uzito uzoefu wa awali katika kuchagua wanafunzi. Wanawake walioingia wakatoka asilimia 7 mwaka 1995 hadi 42 mwaka 2000. Kwetu waombaji walikuwa 96 kwa nafasi 40. Wanawake walioingia ni 17. Mwaka uliotangulia walikuwa 4. Waliofaulu mtihani wa mwisho ni 33, na mkondo wa wasiowahi uliwapita wenzao kwa mtu mmoja. Kwa mtu mmoja sijigambi, naripoti tu.

Mwanachama mmoja alikuja mezani kwangu na waraka wa James Damore, yule mhandisi wa Google aliyefukuzwa Agosti 2017 baada ya kuandika kwamba sehemu ya tofauti ya wanaume na wanawake katika kazi hii huenda inatokana na maumbile. Mimi sifurahii mtu kufukuzwa kwa ajili ya waraka. Kwa mtindo huo Kamati yetu ingebaki na Katibu peke yake. Ila nilimuuliza hivi: Marekani wanawake walikuwa kama asilimia 37 ya waliopata shahada ya kwanza ya kompyuta mwaka 1984, kisha wakashuka hadi kama 18 kufikia miaka ya 2010. Ni maumbile gani yaliyobadilika katika miaka hiyo? Na kule Malaysia, ambako wanawake ni karibu nusu ya wanafunzi wa kompyuta, maumbile yalizuiliwa forodhani? Akasema atanijibu kwa maandishi. Bado nasubiri.

Aliyeuliza kama sasa wanaume watafukuzwa namkumbusha habari za Stephanie Shirley wa Uingereza. Alianzisha kampuni ya programu mwaka 1962, akawa anatia sahihi barua zake "Steve" ili zijibiwe. Katika wafanyakazi wake 300 wa kwanza, wanaume walikuwa 3. Sheria ya kukataza ubaguzi wa jinsia ilipopita mwaka 1975, yeye ndiye aliyelazimika kuwafungulia wanaume mlango. Kwa hiyo tulieni. Hata nyinyi mna sheria inayowalinda.

Mnasema sikufuata utaratibu. Katiba yetu inataka mabadiliko ya usaili yaletwe mbele ya wanachama. Niliyaleta. Akidi ni 40, walifika 23. Nikayaleta tena mwezi uliofuata, wakafika 19, wawili kati yao wakiwa wamefuata chaji za simu. Mara ya tatu Kamati ikaamua, nami nikatia sahihi. Siombi radhi kwa hilo.

Radhi niliyoiomba ni nyingine. Siku ya wageni nilimtambulisha mkufunzi wa mkondo wa pili kuwa ni "ua la chama chetu". Aliniandikia ukurasa mzima akieleza kwamba programu yetu ya kusahihisha mitihani aliiandika yeye, na kwamba wakufunzi wa kiume niliwatambulisha kwa kazi zao. Ni kweli. Nimemwomba radhi, japo nia yangu ilikuwa njema na wageni walipiga makofi.

Kuhusu ada. Daftari lina wanachama 143. Waliolipa ni 58. Walioahidi kulipa "wiki ijayo" ni 31, na wiki hiyo sasa ina miezi 8. Katika waandishi 9 wa barua za malalamiko, 7 hawajalipa, na mmoja aliandika nyuma ya hati yetu ya kumdai.

Kwa mwaka ujao tunatarajia, hali ikiruhusu, kuendeleza mikondo, kupata wakufunzi zaidi, na kuangalia namna ya kuwafikia wenye ulemavu na watu wazima waliovuka miaka 50, ambao nao hawamo kwenye kile kikatuni. Limeulizwa pia lile bango la mlangoni, la kijana wa sweta gizani na tarakimu za kijani. Kamati inakubali liondolewe. Ukuta nyuma yake una ufa mkubwa, na fungu la ukarabati halina kitu, kwa hiyo kijana ataendelea kukaa pale mpaka ada ziingie. Mweka Hazina yuko mlangoni, chini ya bango hilohilo, na kitabu cha stakabadhi anacho.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti